Safari Itangulie Uchungu: Mhadhara juu ya Mimba za Mapacha na Uzazi wa Kabla ya Wakati katika Nchi ya Kati



Katika mambo yote yanayomfika mwanamke mjamzito katika nchi yetu hii ya kati, tangu Kondoa hata Mpwapwa na tangu Kongwa hata Manyoni, ni machache mno yanayoweza kutazamiwa mapema kama uzazi wa kabla ya wakati kwa mwenye mimba ya mapacha, na juu ya hayo ni machache yanayotukuta tumekaa bila kujiandaa kama hilo. Mwanamke aliyebeba mtoto mmoja akijifungua kabla ya kutimia majuma 37, tunaweza kusema kwa haki kwamba tumeshtukizwa, maana katika wanawake kumi wa namna yake ni mmoja tu hivi atakayepatwa na hayo. Lakini waliobeba wawili, zaidi ya nusu yao hujifungua kabla ya majuma hayo, na aliyebeba watatu ni nadra sana kuyafikia, kwani wastani wa mimba yake ni majuma 32 au karibu na hapo. Basi mtu anayejua kwamba mkewe, au binti yake, au mgonjwa wake ana mapacha tumboni amekwisha kupewa habari miezi kadhaa mbele, na udhuru wa kushtukizwa hana. Rai nitakayoitetea leo ni hii: kwamba katika mimba za namna hii safari ya kwenda hospitali haina budi kuutangulia uchungu, na kwamba dawa, vyombo na maarifa yote tuliyo nayo katika zama hizi, ambayo si haba, hufaa au hupotea bure kwa kadiri safari hiyo ilivyowahishwa au ilivyocheleweshwa.

Yafaa kwanza tuulize kwa nini mapacha huharakisha. Mji wa mimba una kadiri yake ya kutanuka, na unapotanuliwa na watoto wawili na makondo yao na maji mengi kuliko desturi, misuli yake huanza kukaza na mlango wake kulegea mwezi wa saba au wa nane, kama ambavyo ungefanya mwezi wa tisa kwa mtoto mmoja. Hiyo ndiyo sababu iliyo dhahiri, walakini siyo ya pekee. Sehemu kubwa ya mapacha njiti huzaliwa kwa amri ya tabibu, uchungu wenyewe haujafika, kwa kuwa amelazimika kuikatiza mimba ili aokoe roho: mama amepanda shinikizo la damu na kuonyesha dalili za kifafa cha mimba, maradhi yanayowaandama wenye mapacha mara mbili au tatu zaidi ya wenzao, au mtoto mmoja ameacha kukua ilhali nduguye anaendelea. Kisha wako mapacha wa yai moja wanaochangia kondo moja, na katika kila mimba kumi za namna hiyo, moja au zaidi kidogo hupatwa na balaa ya damu ya mtoto mmoja kumiminikia kwa mwenziwe kwa njia ya mishipa ya kondo, hata mmoja akakaukiwa na mwingine akafurika, na wote wawili wakawa katika hatari ya kufa. Hata pale ambapo hapana baa lolote, mapacha hawaachwi tumboni mpaka juma la 40: wenye makondo mawili huzalishwa katika juma la 37 au la 38, na wenye kondo moja mapema kuliko hapo, kwa sababu kukaa zaidi huanza kuwadhuru.

Bara letu lina mapacha wengi kuliko mabara mengine, na watu wetu hawakungoja vitabu kulijua hilo. Jirani zetu wa Unyamwezi na Usukuma wana majina maalumu kwa ajili yao, Kulwa kwa atanguliaye na Doto kwa afuataye, na hata mtoto azaliwaye baada yao huitwa Shija. Wala sidhani jamii ingefanya taratibu hizo kwa jambo lililo geni kwake. Walakini kuwapa watoto majina ni kazi ya siku wanapozaliwa, na haja yetu ni kuwajua wangali tumboni.

Hapo ndipo panapoanza kazi yenyewe. Kipimo cha ultrasaundi kikifanywa mapema huonyesha kama ni mtoto mmoja au zaidi, huonyesha umri wa mimba kwa usahihi, na kikifanywa kabla ya juma la 14 huonyesha pia kama kondo ni moja au mawili, habari ambayo baadaye huwa ngumu kuipata. Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 limependekeza kwamba kila mjamzito apimwe kwa chombo hicho angalau mara moja kabla ya juma la 24. Lakini wanawake wetu wengi hufika kliniki kwa mara ya kwanza katika mwezi wa tano au wa sita, tena katika zahanati isiyo na chombo hicho, na kwa hiyo wajibu mkubwa humwangukia mkunga mwenye utepe, mikono na fetoskopu. Mkunga huyo asidharauliwe. Akiona kimo cha tumbo kimeupita umri wa mimba kwa majuma matatu au manne, akapapasa na kukuta vichwa viwili au viungo vingi kupita kiasi, akasikiliza na kuyakuta mapigo mahali pawili yasiyokwenda pamoja, basi amegundua jambo kubwa, na linalotakiwa baada ya hapo ni kwamba asiliandike tu katika kadi na kumwambia mama arudi mwezi ujao, bali ampe barua siku ile ile ya kwenda kupimwa penye chombo.

Nitakaa kidogo juu ya hesabu ya majuma, maana kila uamuzi nitakaoutaja mbele umesimama juu yake. Wanawake wengi wa vijijini kwetu hawaandiki tarehe ya hedhi, na mhudumu mwenye haraka huandika katika kadi tarehe ya kukisia, kisha kisio hilo likachukuliwa na wote wafuatao kuwa ndiyo kweli. Hali nchi yetu ina masika moja tu, yaanzayo Novemba au Desemba na kuisha Aprili, na mwaka mzima wa mkulima umepangwa juu yake: kutifua shamba, kupanda, palizi ya kwanza na ya pili, kuamia ndege, kuvuna, kupura. Mama asiyeikumbuka tarehe atakumbuka kwamba siku zake za mwisho zilimkuta katika palizi ya pili, kabla ya msiba wa fulani na baada ya mnada wa mwezi ule. Na mkunga anayejua kuuliza kwa namna hiyo atapata hesabu iliyo karibu na kweli. Hilo ni elimu, na lingefaa lifundishwe vyuoni kwa heshima ile ile inayopewa elimu ya vyombo.

Sasa mama amejulikana kuwa na mapacha. Je, lipo la kufanya ili wasitoke mapema? Hapa sina budi kusema mambo ambayo hayatawapendeza wote, kwa sababu yanapingana na mazoea. Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi, dawa ya mimba ya mapacha ilikuwa kulala: mama akilazwa kitandani majuma mengi, akikatazwa hata kutembea, kwa imani kwamba uzito ukiondolewa juu ya mlango wa kizazi watoto wangekaa. Katika mji wa Harare, Zimbabwe, matabibu waliijaribu imani hiyo kwa uadilifu, wakawagawa wanawake wenye mapacha kwa kura, wengine wakalazwa hospitali na wengine wakaendelea na maisha yao ya kawaida. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba waliolazwa hawakufaidi siku hata moja, na kwamba waliojifungua kabla ya wakati walikuwa wengi zaidi upande wao. Utafiti huo ulifanywa Afrika, kwa wanawake wa Kiafrika, na kila ninapousoma najiuliza ni vitanda vingapi duniani viliwashika bure wanawake waliokuwa na watoto wengine nyumbani wa kulisha. Kadhalika kuufunga mlango wa kizazi kwa uzi si tiba ya kila mwenye mapacha. Yuko mama ambaye kipimo kimeonyesha mlango wake umefupika kabla ya wakati, na huyo huweza kusaidiwa na dawa ya projesteroni; hayo ni ya tabibu wake kuamua. Na dawa za kutuliza uchungu ulioanza, kama nifedipini, haziwezi kuizuia mimba mwezi mzima kama watu wanavyodhani. Hununua siku mbili tu hivi.

Siku mbili! Msikilizaji anaweza kuziona kuwa si kitu, lakini ndani ya siku mbili hizo imo tofauti ya uhai na mauti, na nitaeleza kwa nini.

Tarehe 7 Agosti 1963 Rais Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa majuma matano na nusu kabla ya wakati, mwenye uzito wa kilo 2.1, ambao ni uzito wa kawaida kabisa kwa pacha. Baba yake alikuwa mtu mwenye nguvu kuliko karibu watu wote wa dunia, na mabingwa wote wa Boston walikuwa mbele yake. Mtoto akafa tarehe 9, kwa sababu mapafu machanga hayana ule utelezi unaozuia vifuko vyake visinywee kila pumzi inapotoka, na wakati ule hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kuupata. Miaka michache baadaye, Auckland, New Zealand, tabibu Graham Liggins alipokuwa akichunguza kinachoanzisha uchungu wa kondoo, aliona kwamba wana-kondoo ambao wangestahili kufa kwa uchanga wao walikuwa wakipumua, na kilichowapa uwezo huo ni homoni aliyokuwa amewatia. Akashirikiana na Ross Howie, tabibu wa watoto, wakawajaribia wanawake 282, na mwaka 1972 wakatangaza kwamba sindano ya homoni ya namna hiyo akipigwa mama kabla ya kujifungua, mapafu ya mtoto hukomaa upesi. Leo dawa hiyo ni deksamethasoni, ya bei nafuu, sindano nne, kila baada ya saa 12. Zihesabuni: ni siku mbili hizo hizo. Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kwa mimba ya mtoto mmoja na kwa mimba ya mapacha pia, kati ya juma la 24 na la 34. Na kwa uzazi unaotazamiwa kabla ya juma la 32 huongezwa magnesiamu salfeti, dawa ile ile ya kifafa cha mimba, kwa kuulinda ubongo wa mtoto.

Ilikuwa rahisi basi kusema: dawa ni nafuu, isambazwe kila zahanati, kila mama atakayeonekana ana dalili apigwe. Jambo hilo lilijaribiwa kweli katika nchi sita, zikiwamo Kenya na Zambia, na matokeo yake yalipochapishwa mwaka 2015 yaliwashangaza wengi: vifo vya watoto wadogo kabisa havikupungua, na kwa jumla vifo vya watoto wachanga viliongezeka, na akina mama wengi zaidi wakapata maambukizo. Dawa haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni mahali. Majuma yalikuwa yamehesabiwa kwa kukisia, wengi waliopigwa sindano hawakujifungua njiti hata kidogo, na wale waliojifungua njiti walizaliwa pasipo na joto, wala pumzi, wala mtu wa kuwanywesha. Kisha mwaka 2020 yakatoka majibu ya jaribio jingine, lililofanywa Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistani, katika hospitali zenye uwezo wa kuwatunza watoto wachanga na kwa mama ambao umri wa mimba zao ulijulikana kwa ultrasaundi; na humo vifo vilishuka kutoka karibu watoto 24 katika kila 100 hadi karibu 20. Mimi sijui ushahidi ulio bayana kuliko huu wa kwamba sindano pekee si huduma. Mama lazima awe pale penye huduma, na awe pale kabla.

Nadhani mmekwisha kuona ninakokwenda. Gari bora la kumsafirisha mtoto asiyetimiza miezi ni mji wa mimba wa mama yake: una joto lisilopungua, una chakula kisichokatika, na haudhuriwi na makorongo ya njia. Mtoto wa kilo moja na nusu aliyezaliwa katika zahanati ya Chemba au Kibakwe, akafungwa katika khanga na kupakiwa juu ya pikipiki usiku wa Julai, anafika mjini amepoa, sukari ya damu imemwishia, na mabingwa wote wa Hospitali ya Benjamin Mkapa au ya Rufaa ya Mkoa hawawezi kumrudishia saa zile tatu alizozipoteza njiani. Kutoka Kondoa hadi Dodoma ni kilomita kama 160. Mpwapwa na Kongwa ni karibu zaidi, lakini vijiji vyake vingi viko mbali na lami, na wakati wa masika mto wa mchanga uliovukwa asubuhi kwa miguu hauvukiki jioni hata kwa lori. Upande wa Manyoni wako wanaotegemea Hospitali ya Mtakatifu Gaspar ya Itigi, na wa kusini mwa jiji wako wanaotegemea Mvumi. Hao nao wana masafa yao.

Serikali imefanya jambo la kushukuriwa kwa mfumo wa m-mama, ambao ulianzia mikoa ya Ziwa na kuenezwa nchi nzima tangu mwaka 2022, ambapo mtu hupiga namba 115 bila malipo na kupelekewa gari la wagonjwa, au, likiwa halipo, dereva wa kijijini aliyeandikishwa na ambaye hulipwa akimfikisha mgonjwa. Kila nyumba yenye mjamzito iijue namba hiyo. Hata hivyo m-mama ni msaada wa dharura, na hoja yangu ni kwamba mapacha tunaowajua si dharura. Mwaka 2021 bibi Halima Cissé wa Mali alikutwa na mimba ya watoto wengi kupita kawaida. Serikali ya nchi yake ikampeleka Morocco mwishoni mwa Machi, akiwa angali mzima na uchungu haujaanza, na tarehe 4 Mei, mjini Casablanca, akajifungua katika juma la 30 watoto tisa wenye uzito wa kati ya nusu kilo na kilo moja, na wote tisa wakaishi. Watu walistaajabia hesabu ya watoto. Mimi naistaajabia zaidi ile safari ya mwezi mmoja kabla, maana bila yake tusingekuwa na la kusimulia ila msiba.

Sisi hatuhitaji ndege. Tunazo, au twaweza kuwa nazo, zile nyumba za akina mama kusubiria kujifungua karibu na hospitali, ambazo wengi wetu tunaziita chigonela. Rai yangu, ambayo naitoa kama rai na si kama amri ya wizara, ni kwamba mwenye mapacha anayeishi mbali na hospitali yenye wodi ya watoto wachanga ahamie chigonela, au kwa jamaa wa mjini, ifikapo juma la 32, na mapema zaidi akiwa amewahi kujifungua njiti au ana watoto watatu tumboni. Msije mkasema ninayarudisha yale ya kulazwa niliyoyakataa. Mama huyu haendi kulala. Anakwenda kukaa karibu. Atembee, apike, asuke ukili, ahudhurie kliniki. Kitu pekee tunachokitafuta ni kwamba uchungu ukimshika usiku wa manane awe umbali wa mwendo wa miguu, apate siku zake mbili za sindano, na ajifungulie penye mkono unaojua namna ya kumpokea pacha wa pili, ambaye aghalabu hukaa vibaya, akitanguliza matako au mkono, na ambaye hufa mara nyingi zaidi ya wa kwanza pale ambapo hakuna ujuzi huo.

Kwa nini basi chigonela nyingi zinakaa tupu ilhali akina mama wanajifungulia njiani? Nimewauliza wanawake wenyewe, na jibu halikuwa ujinga hata mara moja. Waliniuliza: nani atachota maji? Nani atalima, maana majuma hayo yakiangukia Januari ni wakati wa palizi na ghala limekwisha, na mama asipolima hakuna atakachovuna? Nani atanilisha huko mjini, na kwa fedha gani? Haya ni maswali ya watu wenye akili timamu, na kuwajibu kwa mahubiri ni kuwakosea adabu. Jibu lake ni unga. Halmashauri inayojenga jengo la kusubiria bila kutenga chakula, kuni na maji imejenga nusu ya jengo. Na mume asiyeweza kuibeba palizi ya mkewe mwezi mmoja, au kuwaomba shemeji na mawifi waibebe, ajue kwamba katika safari ile sehemu yake ni hiyo, wala haiwezi kufanywa na tabibu.

Sasa watoto wamezaliwa, kabla ya wakati kama tulivyotazamia, na tuko mahali pao. Nitawasimulia habari ya mbali, kwa kuwa ina mafunzo ya karibu. Tarehe 28 Mei 1934, katika nyumba ya mkulima maskini huko Ontario, Kanada, nyumba isiyokuwa na umeme, bibi Dionne alizaa mabinti watano miezi miwili kabla ya wakati, na wote watano kwa pamoja uzito wao ulikuwa kilo sita tu. Wakunga wawili wa kijijini na tabibu wao, Allan Roy Dafoe, hawakuwa na chombo chochote cha ajabu. Waliwaweka kikapuni karibu na jiko lenye moto, wakawafunika mablanketi yaliyopashwa joto, wakawanywesha kwa matone, wakawazuia wageni, na baadaye wakaagiza maziwa ya akina mama kutoka Toronto. Wote watano waliishi hadi utu uzima, jambo ambalo halijawahi kuthibitika kabla yao kwa watoto watano wa mimba moja. Joto, maziwa ya mama na usafi: ndiyo yaliyowaponya. Lililofuata ni la kuhuzunisha, kwani serikali ya jimbo iliwachukua watoto kwa wazazi wao na kuwaweka mahali pa kutazamwa na watalii kwa miaka. Na kosa hilo, la kumtenga njiti na mama yake kana kwamba amekuwa mali ya wataalamu, hospitali nyingi za dunia zimelifanya kwa namna iliyo ndogo zaidi na kwa nia njema.

Waliolirekebisha walikuwa watu wa nchi maskini. Mjini Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, tabibu Edgar Rey, mwenye njiti wengi kuliko mashine zake za joto, aliwaweka watoto uchi vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakafungwa hapo usiku na mchana. Njia hiyo sasa tunaiita kangaruu. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa ni ya mtoto aliyekwisha kutulia, mpaka jaribio lililofanywa katika nchi tano, ikiwamo Tanzania kwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, likachapishwa mwaka 2021: watoto zaidi ya 3,200 wenye uzito wa kilo moja hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8, nusu yao wakianzwa kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, na vifo vyao vikawa 12 katika 100 badala ya karibu 16. Jaribio likasimamishwa kabla ya muda wake, kwa kuwa haikuwa halali kuwanyima wengine faida hiyo. Maana yake kwetu ni kwamba kitanda cha mama hakina budi kuingia ndani ya wodi ya watoto. Pacha wawili hukaa kifua kimoja, mmoja kila upande, vichwa vimegeukia nje na njia ya pumzi ikiwa wazi. Na mama akichoka, au akiwa bado na kidonda cha upasuaji, baba avue shati. Nyanda hizi zetu, zilizo juu ya mita 1,100, huwa na usiku wa Juni na Julai unaoshuka hadi nyuzi 14 hivi, na upepo usio na huruma. Mtoto asiye na mafuta chini ya ngozi hawezi kuukabili, wala asiogeshwe siku ya kwanza kwa ajili ya desturi yoyote.

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpango havijakamilika kwa mtoto kabla ya juma la 34 hivi, kwa hiyo maziwa hukamuliwa na kutolewa kwa mpira wa puani au kwa kikombe kidogo, kila baada ya saa mbili au tatu, na yale ya kwanza ya manjano yasimwagwe hata tone. Mama wa wawili huambiwa na majirani kwamba maziwa yake hayatatosha. Yanatosha, maadamu anakamua mara nyingi, usiku kwa mchana, na anakula na kunywa. Anayehitaji kuongezwa chakula ni yeye. Wengine watahitaji kusaidiwa kupumua kwa hewa inayosukumwa polepole puani huku mwisho wa mrija ukitoa mapovu ndani ya maji, mashine nyepesi ambayo wenzetu wa Malawi walishiriki kuibuni kwa bei tunayoiweza. Na oksijeni, ambayo watu huidhani kuwa haizidi, ni dawa yenye kipimo: ilipotolewa bila kadiri katika miaka ya 1940 na 1950 ilipofusha maelfu ya njiti, akiwamo mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa mwaka 1950. Wodi yenye mitungi na isiyo na kipimo cha oksijeni ya damu haijatimia, na kila njiti mdogo sana aangaliwe macho kabla majuma mengi hayajapita.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilimpa mama siku 84 za likizo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja. Kwa miaka mingi siku hizo zilikwisha mama angali wodini, mpaka watetezi wa watoto hawa, na katika mstari wa mbele Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti wa gramu 900 na ambaye taasisi yake ilianza mwaka 2015, wakasema bila kuchoka. Na mwaka 2025 sheria za kazi zikarekebishwa ili majuma yaliyosalia kutimia mimba yaongezwe katika likizo ya mama wa njiti. Ni haki iliyokuja kwa juhudi, nami naipongeza kwa moyo wote. Lakini mama wa Bahi na wa Chamwino hana mwajiri wa kumwandikia barua. Jembe halina likizo. Kwake yeye likizo hutolewa na nyumba yake na kijiji chake, na ndiyo maana nimeomba nafasi hii ya kusema nanyi na si na matabibu peke yao.

Kila zahanati ina kamati yake, na wajumbe wengi wa kamati hizo wamo humu ukumbini. Katika kikao chenu kijacho ombeni daftari la wajawazito lifunguliwe, bila kutajwa jina la mtu, na muulize ni wangapi wana mapacha, wako juma la ngapi, wangapi wamekwisha kupimwa penye chombo, na kila mmoja ataondoka kijijini tarehe gani, kwa nauli ya nani, na nani atakayepalilia shamba lake.